Pacha wangu anavutiwa na wanaume, mimi na wanawake, na tumetoka yai moja. Watafiti wamegundua nini hasa?

Pacha wa Kwanza aliandika:

Habari zenu, ndugu zangu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa zaidi ya miaka miwili. Leo nina swali lililonikaa kooni, mnivumilie likiwa refu.

Nina miaka 34. Nina pacha, na sisi ni wa yai moja. Hilo halina ubishi: tulipokuwa na miaka 19 kaka yetu mkubwa alihitaji figo, tukapimwa wote wawili, daktari akatuwekea majibu mezani akasema hii ni mimba moja iliyogawanyika. Figo alitoa mwenzangu, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa naumwa ini. Sura yetu ni moja na sauti ni moja. Hadi leo nikimpigia shangazi simu huanza kwa kuuliza, "Wewe ni yupi?" Tofauti nilizozijua zilikuwa mbili tu: yeye anaandika kwa mkono wa kushoto, mimi nina kovu kwenye nyusi.

Ya tatu aliniambia mwaka jana. Tulikuwa tumekaa nje usiku, umeme umekatika, akasema anavutiwa na wanaume na hajawahi kuvutiwa na mwanamke hata siku moja. Nikamuuliza alijua lini. Akanijibu: "Tukiwa na miaka 12, ulipoanza kunisimulia kila usiku habari za yule msichana wa dawati la mbele. Nilikuwa nasikiliza, nasubiri na mimi nianze. Kila mara tunaanza vitu pamoja. Sikuanza."

Sikulala usiku ule. Tulilala kitanda kimoja hadi darasa la tano, tukavaa nguo za jozi, tukapigwa kwa kosa moja. Mimi nilianza, yeye akabaki anasubiri, na sikujua.

Mama naye amejua. Hakumfukuza, hakupiga kelele. Ila amekuwa mtu wa kuhesabu makosa. Anakumbuka kwamba mwenzangu alinyonya miezi minne zaidi yangu. Anakumbuka kwamba baba alikuwa akinichukua mimi kwenda naye kwenye karakana yake ya redio, na mwenzangu alibaki nyumbani. Anakumbuka dawa za homa alizomeza mimba ikiwa changa. Kila nikimtembelea ana jipya. Juzi ameniuliza, "Nilikosea wapi?" nikakosa jibu la maana.

Sasa nataka kujua utafiti unasemaje. Kama ni jeni, zetu ni zile zile, kwa nini yeye na si mimi? Kama ni tumboni, tulikuwa tumbo moja siku zile zile. Kama ni malezi, malezi yapi? Nimesikia pia habari za wingi wa kaka. Sisi tuna kaka wawili juu yetu. Anayejua anisaidie, hata kwa maneno magumu, nitayasoma polepole.

Nguzo alijibu:

Kijana wangu, pole. Jibu unalo mwenyewe, umeliandika. Baba alikuchukua wewe karakanani, mwenzako akabaki na mama. Mtoto wa kiume akikosa kivuli cha baba, akashikwa sana na mama, ndivyo anavyotoka. Hili liliandikwa na madaktari wa akili tangu zamani. Tena nilisoma kuwa daktari mmoja bingwa wa Marekani alithibitisha kwamba watu hawa wanaweza kubadilika wakipata ushauri. Nasema kwa nia njema, msaidie ndugu yako mapema.

Pacha wa Kwanza alijibu:

Shikamoo mzee wangu, nashukuru. Lakini karakanani tulikwenda Jumamosi tu, na kwa miaka kama miwili. Alibaki nyumbani kwa sababu harufu ya risasi ya kuchomelea ilikuwa inamtapisha. Alimpenda baba kuliko mimi nilivyompenda. Alipofariki, aliyekaa naye hospitali wiki tatu ni yeye.

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Pacha wa Kwanza, nimefundisha takwimu za afya kwa wanafunzi wa uuguzi miaka 18, na swali lako ndilo ninalolitumia kila mwaka kuwafundisha maana ya neno "urithi". Nitaandika kwa kirefu.

Kwanza nimjibu mzee Nguzo kwa heshima, kwa sababu anachosema kweli kiliandikwa, na ndicho kinachomtesa mama. Mwaka 1962 Irving Bieber na wenzake, Marekani, walitoa kitabu kuhusu wanaume 106 wanaovutiwa na wanaume na wengine 100 wasio hivyo, wote wakiwa kwenye matibabu ya kisaikolojia. Wakasema wameona mama anayebana na baba aliye mbali. Tazama walivyopata habari hizo: fomu hazikujazwa na wagonjwa, zilijazwa na madaktari wao, watu waliokuwa tayari wanaiamini nadharia hiyo. Na wote 206 walikuwa wagonjwa. Mwaka 1981 Alan Bell na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na watu karibu 1,500 wa eneo la San Francisco ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuugua. Nadharia ya mama na baba haikupata mashiko. Baba kuwa mbali kidogo na mtoto wa namna hii kulionekana, lakini jambo hilo laweza kwenda kinyume: mtoto asiyependa mambo ya baba, baba naye anasogea pembeni. Harufu ya risasi, kijana wangu, ndiyo hiyo.

Yule bingwa aliyedai wanabadilika ni Robert Spitzer. Alichapisha mwaka 2003 baada ya kuwahoji watu 200 kwa simu, wengi wao wakiwa wameletwa na vikundi vilevile vinavyofanya kazi ya kubadilisha watu. Hakuwa na kundi la kulinganisha nalo, hakuwa na kipimo zaidi ya maneno yao. Mwaka 2012, akiwa mzee na mgonjwa, aliandika mwenyewe kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi, akaomba radhi kwa walioumia. Mzee Nguzo, habari ya kwanza ilifika kila mahali. Ya pili haikufika, na silaumu mtu kwa kutoisikia.

Sasa pacha. Mwaka 1991 Michael Bailey na Richard Pillard walitafuta wanaume wanaovutiwa na wanaume ambao wana pacha, au wana ndugu wa kuasiliwa. Kati ya pacha 56 wa yai moja, 29 nao walikuwa hivyo, yaani asilimia 52. Kwa pacha wa mayai mawili walikuwa 12 kati ya 54, asilimia 22. Kwa ndugu wa kuasiliwa, waliolelewa nyumba moja bila damu moja, 6 kati ya 57, asilimia 11. Magazeti yakaandika kwamba jeni imepatikana. Mimi huwaambia wanafunzi wafunike 29 na kiganja na waangalie kinachobaki. Wanabaki 27. Jeni zile zile, tumbo lile lile, na hawakuwa hivyo. Wewe ni mmoja wa wale 27, na wako wengi.

Tena hata ile 52 ilikuwa kubwa mno. Watafiti waliwapata watu kwa matangazo kwenye magazeti yanayosomwa na watu wa mapenzi ya jinsia moja. Fikiria ndugu yako anasoma tangazo kama hilo. Angekuwa na pacha anayefanana naye katika hili, angepiga simu siku hiyo hiyo. Akiwa na pacha kama wewe, ambaye hata hajamwambia, anakunja gazeti. Mwaka 2000 Bailey alirudia na wenzake wa Australia, wakatumia daftari la pacha lililokuwapo tayari, ambalo watu walijiandikisha bila kujua wataulizwa hili. Asilimia ikashuka hadi 20 kwa wanaume na 24 kwa wanawake. Bado ni kubwa kuliko ya watu kwa ujumla, kwa hiyo urithi una sehemu yake. Lakini kwa jozi nyingi za yai moja, mmoja akiwa hivyo, mwenzake siye.

Halafu kuna Uswidi, 2010, Niklas Långström na wenzake, jozi 3,826 za pacha. Hapa ndipo namwomba mama yako asikilize. Waligawa tofauti zilizopo baina ya watu katika mafungu matatu. Fungu la jeni, kwa wanaume, lilipata asilimia 34 hadi 39. Fungu la mazingira ya pamoja, maana yake kila kitu ambacho pacha wawili wanashirikiana kwa sababu wamelelewa pamoja (wazazi, nyumba, umaskini au utajiri, dini, chakula), lilipata sifuri. Lililobaki, asilimia 61 hadi 66, likaitwa mazingira ya mtu binafsi. Kwa wanawake jeni zilipata 18 hadi 19, mazingira ya pamoja 16 hadi 17, na kilichobaki 64 hadi 66.

Nina tahadhari mbili. Makadirio haya yana ukingo mpana wa makosa, kwa hiyo "sifuri" isomwe kama "kidogo kiasi cha kutoonekana". Na asilimia 34 haimaanishi theluthi ya ndugu yako imetoka kwenye jeni. Hiki ni kipimo cha tofauti kati ya watu wengi, hakimpimi mtu mmoja. Kila mwaka mwanafunzi mmoja ananikosea hapa kwenye mtihani.

"Mazingira ya mtu binafsi" ni jina lililoleta madhara. Ukilisikia unafikiria rafiki mbaya au mwalimu mbaya. Kihesabu maana yake ni kila kinachowafanya pacha wa yai moja watofautiane, basi. Ndani yake mna makosa ya kupima, mna jinsi damu ilivyogawanyika tumboni, mna bahati tupu ya seli wakati ubongo unajijenga. Chembe moja ya protini kufika dakika hii badala ya ile. Wala halihitaji tukio lolote ambalo mama angeweza kuliona au kulizuia.

Nimalize na jeni. Mwaka 1993 Dean Hamer aliona kwamba kati ya jozi 40 za kaka wanaovutiwa na wanaume, 33 walishiriki alama za sehemu ya kromosomu X iitwayo Xq28. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada walipima jozi 52 hawakuiona. Mwaka 2015 kundi jingine lilipima jozi 409, likaiona tena kwa udhaifu, na sehemu nyingine kwenye kromosomu ya 8. Utafiti mkubwa kuliko zote ulitoka 2019, wa Andrea Ganna na wenzake, watu 477,522. Walipata sehemu tano tu za jeni zenye uhusiano wa kuaminika, kila moja na mchango mdogo sana. Ukijumlisha tofauti zote za jeni walizoweza kupima, zinaeleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti baina ya watu. Na ukitumia alama hizo kumtabiri mtu, unaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti hizo. Kwa hiyo hakuna kipimo cha damu kitakachomwambia mtu hili. Watu hao karibu wote walikuwa wa asili ya Ulaya, na swali waliloulizwa lilikuwa kama wamewahi kulala na mtu wa jinsia yao hata mara moja, jambo ambalo si sawa kabisa na kuvutiwa. Ndugu yako akiwa na miaka 12, akisubiri gizani, angejibu "hapana".

Mkunga alijibu:

Mwalimu amenifungulia mlango. Mimi nimekaa chumba cha kujifungulia miaka 27 na pacha nimewapokea wengi, naomba niseme neno kuhusu "tumbo moja".

Pacha wa yai moja hawaishi maisha mamoja tumboni. Theluthi mbili hivi wanatumia kondo la nyuma moja, theluthi moja kila mmoja ana lake. Hata wanaotumia moja hawagawani sawa. Kitovu cha mmoja kimeingia katikati ya kondo, cha mwingine pembeni kabisa, na damu haipiti kwa kipimo kimoja. Nimepokea pacha wa yai moja mmoja mwekundu kwa wingi wa damu, mwingine amepauka kama karatasi, baba akadhani wamebadilishiwa mtoto. Wametoka dakika nane mbali. Muulize mama kama ana kadi za kliniki, mtaona uzito wenu.

Ila usije ukakimbilia uzito na kusema nimepata. Hakuna aliyeonyesha kwamba mdogo ndiye anayekuwa hivi, wala mkubwa. Nasema tu kwamba "tumbo moja siku zile zile" si hoja.

Homoni za tumboni zimechunguzwa sana. Wasichana wanaozaliwa na tatizo la tezi za juu ya figo, ambalo huwafanya waogelee kwenye homoni nyingi za kiume kabla ya kuzaliwa, wakikua huvutiwa na wanawake mara nyingi zaidi ya wasichana wengine wanavyovutiwa. Lakini wengi wao bado huvutiwa na wanaume, kwa hiyo homoni ina sehemu na haimalizi kazi. Kuna ushahidi mwingine ambao ni mchungu kwangu kuusimulia kwa sababu ni watoto. Wavulana kadhaa waliozaliwa na kasoro ya viungo au waliojeruhiwa wakiwa wachanga, madaktari wakaamua wafanyiwe upasuaji na walelewe kama wasichana. Wakapewa majina ya kike, nguo za kike, kila kitu. Tathmini ya mwaka 2016 ya Bailey na wenzake ilikusanya saba kati yao waliofuatiliwa hadi ukubwani. Wote saba walivutiwa na wanawake. Kama malezi yangekuwa na nguvu ambayo watu wanadhani yanayo, hawa ndio yangewageuza.

Na kwa mama: miezi minne zaidi ya kunyonya hutokea kwa sababu mtoto mmoja ana meno mapema na mwingine hana. Nimeyaona hayo mara mia.

Mama wa Wanne alijibu:

Mwanangu, mimi si msomi wa haya mambo ila nimeyasoma kwa machozi, kwa hiyo nayajua. Nina wavulana wanne. Wa nne ni kama ndugu yako.

Ulichosikia kuhusu wingi wa kaka ni kweli kipo. Ray Blanchard na Anthony Bogaert wa Kanada walikiandika mwaka 1996: kila kaka mkubwa anaongeza uwezekano kwa kama theluthi moja. Niliposoma "theluthi" nilishtuka. Kisha mwanangu wa pili, yule mhasibu, akanikalisha akanionyesha hesabu. Kama kwa mtoto wa kwanza ni 2 kati ya 100, basi kwa mwenye kaka mmoja ni kama 2.6, kwa mwenye wawili kama 3.5, kwa mwenye watatu kama 4.6. Kwa hiyo hata wa nne kama wangu, zaidi ya 95 kati ya 100 hawawi hivyo.

Mwaka 2006 Bogaert akaonyesha kwamba kaka wa kambo au wa kuasiliwa hawahesabiki hata mkikua nyumba moja, na kaka wa tumbo moja wanahesabika hata wakilelewa mbali. Ndipo wakasema ni mwili wa mama. Mwaka 2018 walipima damu za akina mama, wakakuta waliozaa watoto wa namna hii, hasa wenye kaka wakubwa, wana kingamwili nyingi zaidi dhidi ya protini moja ya kiume iliyoko kwenye ubongo, inaitwa NLGN4Y. Yaani mwili wa mama unakutana na mtoto wa kiume, unaona kitu usichokijua, unaweka kumbukumbu.

Nitakwambia jinsi nilivyolipokea, kwa sababu mama yako naye ataligusa. Wiki ya kwanza nililia upya. Nilikuwa nimeshatoka kwenye "nilimlea vibaya", nikaingia kwenye "damu yangu ilimshambulia". Mwanangu mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Mama, nikiwa tumboni ulikuwa unaamrisha damu yako?" Basi ukimwonyesha mama yako utafiti huu, usimwachie aukute peke yake usiku kwenye simu. Kaa naye.

Mwalimu wa Takwimu alijibu:

Mama, asante sana. Naongeza mambo mawili kwa Pacha wa Kwanza, maana umetaja kaka wawili na mkono wa kushoto, na nimekuwa nikiyafikiria tangu jana.

Mlikuwa na kaka wale wale wawili, kwa hiyo hata kama nadharia hii ni sahihi kabisa, iliwahusu ninyi wote sawasawa. Haiwezi kuwa ndiyo inayowatenganisha. Tena Blanchard na wenzake wenyewe waliandika mwaka 2006 kwamba athari ya kaka wakubwa huonekana kwa wanaotumia mkono wa kulia, haionekani kwa wasiotumia. Ndugu yako ni wa kushoto. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa mwaka 2000 uliojumlisha tafiti nyingi uliona kwamba wasiotumia mkono wa kulia ni wengi kidogo miongoni mwa watu wa mapenzi ya jinsia moja, uwezekano wao ukizidi kwa asilimia 39. Wengi wa kushoto hawako hivyo, na wengi walio hivyo ni wa kulia. Ila inatuambia kuna kitu kinachotokea mapema sana, kabla mtoto hajashika kijiko, ambacho kinagusa ubongo.

Mwaka 2023 watafiti wa Austria walirudia hesabu zote za kaka wakubwa, wakasema sehemu kubwa ya athari hiyo inatokana na namna familia kubwa zinavyohesabiwa. Blanchard hakukubali. Mimi nimesoma pande zote mbili, na wale wa Austria wana hoja nzito kuliko walivyosikilizwa. Utafiti wa kingamwili nao ulikuwa na akina mama wachache. Nisingeujengea nyumba.

Na mtu akikuletea habari za "ubongo wa watu hawa", huo ni utafiti wa Simon LeVay wa 1991. Aliyeufanya ni mwenyewe mtu wa mapenzi ya jinsia moja, na alikuwa ametoka kumzika mpenzi wake aliyekufa kwa UKIMWI. Alichunguza ubongo wa marehemu 41, akaona fungu dogo la seli kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, lilikuwa kubwa kwa zaidi ya mara mbili kwa wanaume wanaovutiwa na wanawake kuliko kwa wanaovutiwa na wanaume. Wale 19 waliovutiwa na wanaume wote walikufa kwa UKIMWI, na ugonjwa huo unagusa homoni. William Byne alirudia mwaka 2001 kwa mpangilio bora, akakuta ukubwa wa fungu unaelekea upande huo huo bila kufikia kiwango cha kuaminika, na idadi ya seli haikutofautiana. LeVay mwenyewe alisema tangu mwanzo kwamba hakuthibitisha watu wanazaliwa hivyo. Hilo nalo halikufika magazetini.

Nguzo alijibu:

Mwalimu, habari ya yule daktari kuomba radhi sikuijua. Nimewahi kumwambia mzazi mmoja hivi hivi nilivyomwambia kijana. Nitamtafuta.

Pacha wa Kwanza alijibu:

Sijui niwashukuruje. Nimechapa uzi huu wote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu macho ya mama si mazuri, na Jumapili nimekaa naye kama Mama wa Wanne alivyoniagiza. Nilimsomea polepole. Kwenye Uswidi alinisimamisha.

"Sifuri?"

Nikamwambia sifuri, nikamwambia na tahadhari ya Mwalimu, kwamba ni kidogo kiasi cha kutoonekana. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama waliohesabu wanajua kwamba mimi nilikwenda karakanani na mwenzangu hakwenda. Hapo nilibabaika, kwa sababu Mwalimu, ukiangalia vizuri, karakana haimo kwenye yale ya pamoja. Ilikuwa yangu mimi peke yangu. Imo kwenye lile fungu la tatu, na watoto wote waliokwenda na baba zao na waliobaki wamo humo humo. Nilimwambia hivyo, sikutaka kumdanganya. Nikamsomea wale wavulana saba wa Mkunga. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi Jumamosi za redio hazikuweza hivyo." Sijui kama amemaliza kuhesabu. Siku ile hakutaja jipya.

Ndugu yangu amesoma kila kitu. Amesema kilichomgusa ni ile hesabu ya 27, kwa sababu muda wote alidhani kuna kitu kimoja alichokifanya yeye ambacho mimi sikukifanya, akawa anakitafuta.

Mkunga, kadi za kliniki zipo. Mama alizihifadhi kwenye bahasha ya vyeti. Moja ina kilo 2.7, nyingine 2.1. Nilikuwa na hakika mdogo ni yeye, maana ndiye aliyekuwa akiumwa kila wakati. Mdogo ni mimi. Kwenye mstari wa kondo la nyuma pameandikwa kitu lakini wino umepauka, naona kama tarakimu 1 na herufi mbili nisizozielewa. Nikipata mwanga mzuri nitazinakili niziweke hapa, unisomee.